Nyumba za Wageni Mwituni: Kilimanjaro, Nyeri na Chumbe

Kisiwa cha Chumbe, kilicho kusini ya mji wa Unguja kwa mwendo wa kilometa kumi na mbili hivi, hakina mto, hakina chemchemi, wala hakina kisima cha maji matamu. Urefu wake ni kama kilometa moja, na upana wake hauzidi sana mita mia tatu. Ardhi yake ni jiwe la matumbawe ya kale, lenye matundu kama sifongo. Mvua inyeshayo juu yake hupenya mara moja ikaenda zake baharini. Juu ya jiwe hilo pamesimama mabanda saba ya wageni, yaliyoanza kupokea watu mwaka wa 1998. Wakaao humo huoga maji matamu na kulala penye mwanga wa taa, bila ya bomba kutoka mjini, bila ya waya wa umeme, na bila ya shimo la choo kuchimbwa katika jiwe lile.

Mtu akilitazama jambo hili juu juu hulidhania kuwa ni ubingwa wa vyombo vya kisasa. Vyombo vina sehemu yake. Lakini historia ya nyumba za namna hii katika Afrika ya Mashariki yaonyesha kwamba asili ya jambo iko penginepo. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja watu wamejenga vibanda mwituni kwa ajili ya wageni wanaokuja kutazama mlima, wanyama au bahari. Vibanda hivyo vilianza kwa udogo, na vingi vilianza kwa nia njema. Vingine vilikua mpaka vikaanza kula kile kilichowaleta wageni.

Kila nyumba iliyo mbali na mji ina haja nne: maji, moto, vifaa vya kujengea, na njia ya kuondoa taka. Mjini haja hizo hutimizwa na watu wasioonekana na mabomba yaliyofukiwa, hata mwenye nyumba akasahau kuwa zipo. Mwituni hazisahauliki, kwa maana kila ndoo ina mchukuzi wake na kila ukuni una mti wake. Kwa hiyo habari za nyumba hizi ni habari za wachukuzi na miti. Tena ni habari za idadi, yaani wageni walikuwa wangapi, na nani aliamua wawe wangapi. Mifano mitatu yatosha kulieleza jambo hili: mmoja wa mlimani, mmoja wa msituni, na mmoja wa kisiwani.

Mfano wa kwanza ni Kilimanjaro. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika kilele cha Kibo. Masimulizi ya Wachaga wa Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyewaongoza njia. Safari ile ilikuwa ya mahema, na hema halidai kitu kwa mlima likisha kung'olewa. Lakini wapandaji walipozidi, mahema hayakutosha. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga vibanda viwili juu ya njia ya Marangu. Cha chini, kilichokuwa penye mwisho wa msitu, walikiita kwa jina la Bismarck. Cha juu yake, katika nyika ya baridi, walikiita kwa jina la Carl Peters. Mwaka wa 1932, katika enzi ya Waingereza, kibanda cha tatu kilijengwa chini ya koni ya Kibo. Kwa hiyo safari ilipata vituo vitatu vya kulala, kila kimoja kikipita kingine kwa mita elfu moja hivi.

Baada ya uhuru majina ya wageni yaliondolewa. Kituo cha chini kikaitwa Mandara, kwa jina la mangi wa Moshi. Cha kati kikaitwa Horombo, kwa jina la mangi wa Keni huko Rombo. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka wa 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka wa 1977. Katika miaka hiyo, kwa msaada wa Norway, vilijengwa vibanda vya mbao ambavyo mapaa yake huteremka kwa ukali mpaka yakakaribia kugusa ardhi, mfano wa herufi A. Umbo hilo lina hekima yake. Mvua na theluji havikai juu ya paa kama lile; upepo hupata ukuta mdogo wa kupiga; na kwa kuwa chumba ni kidogo, pumzi na miili ya walalao vyatosha kupunguza ukali wa baridi. Badala ya bweni moja kubwa, vilisimamishwa vijumba vingi vya watu wachache wachache.

Lakini uzuri wa kijumba haukuweza kuficha hesabu ya kituo kizima. Kijumba kimoja ni kidogo; vijumba vingi pamoja ni kijiji. Horombo yaweza kulaza wageni zaidi ya mia katika usiku mmoja, na kila kundi la wageni huja na viongozi, wapishi na wapagazi ambao mara nyingi hupita wageni wenyewe kwa idadi. Kwa miaka mingi moto wa njia hiyo ulikuwa wa kuni. Katika nyanda za juu za Kilimanjaro mti hukua polepole mno kwa sababu ya baridi, na tawi lililochomwa kwa chakula cha jioni moja halirudi kwa miaka mingi. Hatimaye kuchoma kuni ndani ya hifadhi kulikatazwa. Mafuta na gesi vilichukua mahali pake, na mwanga wa jua ukatumiwa kwa taa za vibanda. Msitu ulipata nafuu. Lakini gesi haipandi mlima peke yake.

Kibanda cha Kibo, kilicho kwenye mita 4,700 hivi, hufundisha somo hilo kwa ukali zaidi. Mahali pale ni pakavu, hapana chemchemi. Maji ya kunywa na kupikia hubebwa na wapagazi kutoka kijito cha mwisho kilicho chini ya jangwa lililo kati ya Kibo na Mawenzi. Mgeni anayemimina kikombe cha chai katika kibanda kile hunywa maji yaliyopanda mamia ya mita juu ya mabega ya mtu. Kanuni za hifadhi zimeuwekea mzigo wa mpagazi mpaka wa kilo 20, na mpaka huo ni wa haki. Hata hivyo umewekwa kwa mchukuzi, wakati mahitaji yenyewe hutoka kwa idadi ya wageni. Nyumba ikikosa maji yake yenyewe, yuko mtu anayekuwa mto wake.

Mfano wa pili ni wa Nyeri, katika nchi ya Kenya. Mwaka ule ule wa 1932, Eric Sherbrooke Walker, aliyekuwa na hoteli ya Outspan mjini Nyeri, alijenga kijumba cha mbao juu ya mugumo mkubwa katika msitu wa Aberdare, milima ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Kilikuwa na vyumba viwili tu, kikaitwa Treetops. Mbele yake palikuwa na bwawa, na kando ya bwawa paliwekwa chumvi ili tembo, vifaru na nyati waje kuilamba. Wageni walipelekwa jioni, wakapanda ngazi, wakakaa kimya usiku kucha, wakashuka asubuhi. Kwa vipimo vya leo, mtu angeweza kukisifu kijumba kile kuwa mfano mwema: hakikukata mti bali kiliukalia, hakikuwa na bustani wala barabara mlangoni, wageni wake walikuwa wachache, na walikuja kwa usiku mmoja tu.

Sifa zake zilienea dunia nzima mwezi wa Februari 1952. Binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alilala pale usiku ambao baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki huko Uingereza. Alipanda mtini akiwa binti mfalme, na aliposhuka alikuwa malkia ingawa habari ilikuwa haijamfikia. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Mei 1954, katika vita vya Mau Mau, kijumba kiliteketezwa kwa moto. Msitu wa Nyandarua wakati huo ulikuwa kambi ya wapiganaji waliodai ardhi yao. Kwa mgeni, mugumo ulikuwa kiti cha kutazamia wanyama. Kwa Mkikuyu, ulikuwa mti wa ibada, ambao wazee walisali na kuchinjia sadaka chini yake. Mchoro wa kijumba haukuwa na nafasi ya maana hiyo ya pili. Mtu anayechora nyumba ya mwituni bila ya kuuliza mahali pale ni pa nani huacha nje ya hesabu yake jambo ambalo siku moja litabisha mlangoni.

Treetops ilijengwa tena mwaka wa 1957, ng'ambo ya bwawa lile lile, na safari hii ilikuwa kubwa zaidi. Jina lilikuwa limekwisha kuwa mali, na watu waliotaka kulala mahali penye habari kama hiyo walikuwa wengi. Vyumba viliongezwa mara kwa mara mpaka vikawa makumi. Chumvi iliendelea kuwekwa, kwa kuwa mgeni aliyelipa alitazamia kumwona tembo. Tembo walikuja, na tembo akija hula. Walikwangua magome, wakavunja matawi, wakaangusha miti. Mwaka baada ya mwaka msitu ulirudi nyuma kutoka bwawani, hata nyumba iliyoitwa kwa jina la vilele vya miti ikajikuta imesimama mbele ya uwanda ulio wazi. Hakuna mgeni aliyeshika shoka. Msitu ule uliharibiwa na mwaliko uliorudiwa kila usiku kwa makumi ya miaka, bila ya mtu kuuliza bwawa moja laweza kualika tembo wangapi.

Kutoka mlimani na msituni, habari hii sasa yarudi baharini, kwa sababu waliojenga Chumbe walianza na lile swali ambalo mahali pengine liliulizwa kwa kuchelewa.

Kisiwa kile kilijulikana kwanza kwa mnara wake wa taa, uliojengwa mwaka wa 1904, wakati Unguja ilipokuwa chini ya himaya ya Waingereza. Karibu ya mnara palijengwa nyumba ya mlinzi wa taa na msikiti mdogo. Zaidi ya walinzi hao hapakuwa na wakaazi. Magharibi ya kisiwa kuna mwamba wa matumbawe ambao wavuvi hawakuuzoea sana, kwa sababu uko kando ya njia ya meli ziendazo Dar es Salaam, na vyombo vidogo vilizuiwa kukaa pale. Kwa hiyo mwamba uliokuwa karibu sana na mji ulibaki mzima, wakati miamba mingine mingi ilivunjwa kwa nanga, kwa nyavu za kukokota na kwa baruti. Wataalamu waliouhesabu wamekuta humo zaidi ya jamii 400 za samaki na jamii zinazokaribia 200 za matumbawe magumu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Sibylle Riedmiller, mwanamke wa Kijerumani, aliitafutia Unguja mahali pa kuhifadhi mwamba na kuwafundishia watoto. Kampuni iliundwa, ikaitwa Chumbe Island Coral Park, na mwaka wa 1994 Serikali ya Zanzibar iliutangaza mwamba ule kuwa hifadhi ya bahari na msitu wa kisiwa kuwa msitu uliofungwa. Uangalizi wake ulikabidhiwa kampuni hiyo. Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi kusema: wageni wachache wa usiku walipe, na malipo yao yawalipe walinzi wa mwamba na safari za wanafunzi. Hapo ndipo mchoro wa banda ulipogeuka kuwa jambo zito. Banda likichafua mwamba, lingekuwa limeua kitu ambacho liliundwa ili kukilinda.

Hatari kubwa ilikuwa ya taka za maji. Matumbawe hupenda maji maangavu yenye chakula kidogo. Uchafu wa choo na maji ya sabuni ukiingia baharini huyalisha majani ya bahari. Majani hukua upesi, hufunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Mjini shimo la choo huachia maji yake katika udongo, na udongo huyachuja. Chumbe haina udongo wa kutosha, na jiwe lake halichuji kitu. Kwa sababu hiyo vyoo vya kuvuta maji havikuwekwa hata kimoja. Vilijengwa vyoo vya mboji, ambamo kinyesi huchanganywa na majani makavu, hupitishiwa hewa, na baada ya muda hugeuka kuwa mboji isiyo na harufu. Maji ya kuogea nayo hayamwagwi: huchujwa, kisha huongozwa mpaka vitalu vya mimea vilivyozibwa chini, ili mizizi inywe kile ambacho bahari haistahili kunywa.

Maji yenyewe hutoka juu. Kila banda lina paa pana la makuti lililochorwa mahususi kwa ajili ya kukinga mvua. Maji huteremka kutoka paani, hupita katika chujio la changarawe na mchanga, kisha hukusanyika katika birika lililo chini ya sakafu. Kutoka humo hupandishwa kwa pampu ya mkono, na sehemu yake hupashwa moto kwa jua. Jambo hili si geni kwa watu wa pwani. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la chooni liliwekewa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure lilijengewa chini yake ili samaki wapate pa kukaa maji yanapopungua. Mtu wa kale alijua kwamba maji yaliyowekwa ni kiumbe wa kutunzwa. Chumbe iliichukua elimu hiyo ikaitia katika msingi wa nyumba.

Hesabu yake yaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Unguja hupata mvua ya milimita 1,600 hivi kwa mwaka, kwa hiyo kila mita moja ya mraba ya paa hupokea lita 1,600, ingawa sehemu hunywewa na makuti, sehemu hukauka, na mvua za kwanza huachwa zioshe paa. Lakini mvua hiyo haigawanyiki sawasawa. Nyingi hunyesha wakati wa masika, nyingine wakati wa vuli, na katikati kuna siku za kiangazi ambazo mbingu hukaa kimya. Ikiwa wageni wawili hutumia lita 200 kwa siku, ukame wa siku sitini huhitaji lita 12,000 ziwe zimekwisha kuwekwa. Basi upana wa paa na kina cha birika ndivyo vinavyoamua idadi ya vitanda. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba nacho kina ukingo wake.

Tofauti ya Chumbe na nyumba zilizotangulia iko hapa. Mlimani, mgeni alipoongezeka, mpagazi aliongezwa. Bwawani Nyeri, mgeni alipoongezeka, chumba kiliongezwa na chumvi ikazidi kumwagwa. Chumbe, anayetaka kuongeza mgeni hana budi kwanza kuongeza paa, na birika, na kitalu, na choo, na kila kimoja kina gharama inayoonekana kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Mpaka haukuandikwa katika kanuni peke yake, bali ulijengwa ndani ya nyumba.

Mengine yote yalifuata njia hiyo hiyo. Umeme hutoka kwenye vibao vya jua vya kila banda, nao watosha taa na vitu vidogo, hautoshi mashine ya kupoza hewa. Kwa hiyo hewa ilibidi ipozwe kwa mchoro: upande unaoelekea bahari huachwa wazi kwa upepo, paa limeinuliwa juu, na mahali pa kulala pamewekwa darini penye mkondo wa hewa. Nje hapakuwekwa taa za njiani, kwa sababu wanyama wa usiku, na hasa yule kaa mkubwa apandaye minazi, huhitaji giza. Mgeni hutembea na kurunzi yake. Nyumba ya mlinzi wa taa, iliyokuwa gofu, haikubomolewa. Ilifunikwa kwa paa kubwa la makuti ikawa mahali pa kukutania na pa kufundishia. Panya waliokuwa wameingia kisiwani waliangamizwa mwaka wa 1997 ili ndege na viumbe wengine wapone, na baadaye paa nunga, mnyama adimu sana wa Unguja, aliletwa akae salama katika msitu ule.

Kujenga hivyo kulikuwa na bei yake. Kisiwa hakina gati. Vifaa vililetwa kwa mashua, vikasubiri maji kujaa, vikabebwa begani mpaka nchi kavu. Mashine nzito hazikuletwa, wala mashimo makubwa hayakuchimbwa. Kazi ilichukua miaka mingi kuliko ilivyokusudiwa, na gharama ikapanda kupita makisio. Makuti nayo hayadumu kama bati. Baada ya miaka michache huchakaa, na paa huezekwa upya. Msomaji asidhani kwamba nyumba nyepesi kwa ardhi ni nyepesi kwa mfuko. Mara nyingi gharama ambayo nyumba nyingine huitupia bahari au msitu, nyumba ya namna hii hulazimika kuilipa yenyewe.

Swali la Nyeri lilibaki: mahali pale ni pa nani? Mwamba kufungwa ni mvuvi kuzuiwa, hata kama alivua pale kwa nadra. Jibu lililotafutwa lilikuwa kuwaajiri vijana wa uvuvi kutoka vijiji vya jirani wawe walinzi. Hawakupewa bunduki. Walifundishwa habari za matumbawe na samaki, kisha wakaachiwa kazi ya kuzungumza na jamaa zao wanaopita na mitumbwi, kueleza kwamba samaki wanaozaliana mahali palipofungwa hutoka na kuingia mahali palipo wazi. Hoja inayosemwa na mtu aliyewahi kuvuta wavu hupokewa kwa namna nyingine kuliko amri ya mgeni. Watoto wa shule pia walianza kuletwa bila ya malipo. Wengi wao, na hasa wasichana, walikuwa wamezaliwa na kukua kisiwani Unguja bila ya kupata kutia uso chini ya maji na kuona kilichomo. Mwaka wa 2000 kazi ya Chumbe ilitiwa katika orodha ya heshima ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo sifa isizibe macho. Mabanda saba hayawezi kulisha hifadhi ila kwa kutoza ada kubwa, na ada kubwa maana yake ni kwamba wengi wa walalao humo hutoka ng'ambo. Mwananchi hufika zaidi kama mwanafunzi au mtumishi kuliko kama mgeni wa usiku. Tena mlango unaotegemea wasafiri wa mbali hufungwa na mambo ya mbali: mwaka wa 2020, maradhi ya korona yaliposimamisha safari duniani, mwamba ulihitaji walinzi wake kama jana, lakini mlipaji hakuwapo. Na kuna adui asiyezuiliwa na choo chochote. Mwaka wa 1998, ule ule ambao mabanda yalipokea wageni wake wa kwanza, na tena mwaka wa 2016, bahari ya Hindi ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya magharibi ya bahari hiyo yaligeuka meupe na kufa. Joto hilo latokana na moshi wa dunia nzima, na ndege imletayo mgeni ina fungu lake katika moshi huo. Banda laweza kujizuia lisiichafue bahari iliyo mbele yake. Haliwezi peke yake kuiponya bahari.

Lakini mwamba usiobughudhiwa hupona upesi kuliko mwamba unaopigwa nanga na kunyweshwa taka. Kumwondolea mgonjwa maradhi mawili kati ya matatu ni kazi yenye faida, ingawa la tatu limebaki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nyumba za mwituni jembe la mgeni ni kukubali kipimo: maji machache, taa chache, safari ya chooni isiyo na mnyororo wa kuvuta, na ada inayomlipa mtu mwingine alinde kile ambacho yeye amekuja kukitazama kwa siku mbili.

Wachoraji wa majumba wanaofundishwa katika vyuo vya leo hupewa mifano mingi ya mapaa ya makuti na nguzo za miti, na mwambao wa mashariki ya Unguja umejaa hoteli zenye sura hiyo. Nyingi kati yake huchota maji katika visima vile vile vinavyonywewa na vijiji. Makuti ni vazi, na vazi huigwa kwa urahisi. Kilicho kigumu kuigwa ni idadi. Kila mara mafundi wanapopanda kuezeka upya mapaa ya Chumbe, wenye mali huwa na nafasi ya kuliuliza tena lile swali la Horombo na la Treetops, yaani je, si afadhali liongezwe moja? Wageni wa kulijaza hawangekosekana. Tangu mwaka wa 1998 banda la nane halijajengwa.